Mota ya kinu ilinguruma kwa mawimbi: baa ya rota imekatika

Ilikuwa mota ya kinu cha mahindi mjini Mbale: kilowati 15, poli 4, hezi 50. Ikipewa mzigo ilinguruma kwa mawimbi na kuchelewa kushika kasi. Volti za fezi tatu zililingana, koili za stata (sehemu isiyozunguka) zilikuwa nzima. Ikabaki rota, sehemu inayozunguka, yenye baa za alumini zilizoungana na pete kila mwisho.

Kwa mzigo kamili mota ilizunguka mara 1455 kwa dakika badala ya 1500, kasi ya uga wa sumaku wa stata, yaani mtelezo (kubaki nyuma kwa rota) wa asilimia 3. Baa ikikatika, ampia hupanda na kushuka mara 2 × mtelezo × hezi, yaani 2 × 0.03 × 50, sawa na mara 3 kwa sekunde. Mshale wa ampimita ulicheza hivyohivyo. Tumia ampimita ya mshale, ile ya tarakimu huchelewa. Na mahindi yamiminwe kwa kiasi kilekile, maana kinu kikilishwa hovyo ampia huyumba hata baa zikiwa nzima.

Ili kuthibitisha, nilizima mota, nikazipa fezi mbili volti 50 kutoka kwenye variaki (transfoma ya kurekebisha volti), kisha nikazungusha shafti polepole kwa mkono. Ampia ziliyumba kila baa mbovu ilipopita. Rota ilipotolewa, ufa ulikuwa pale baa inapoungana na pete ya mwisho, umezungukwa na weusi wa kuungua. Rota ya alumini ya kumimina ikichomelewa haidumu, hivyo nilifunga nyingine ya vipimo vilevile. Mshale ukatulia kwenye ampia 27.