Vile nilileta vitunguu kutoka Tanzania bila broka

Ushauri niliopewa soko la Marikiti, Nairobi, ungenifilisi kabla hata sijanunua neti moja. Mmoja eti mtu mdogo havushi mzigo mpaka wa Namanga bila ajenti, mwingine eti nipitishe usiku na bodaboda njia za panya, wa tatu akaapa ushuru utanimaliza. Ushuru gani? Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005, vitunguu vya Tanzania vinaingia Kenya bila ushuru wa forodha, ni vile broka hawezi kukuambia, hiyo ndiyo unga yake.

Mzigo ukiwa umetoka nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na hauzidi dola 2,000, kuna cheti cha uasili kilichorahisishwa, yaani karatasi ya kuonyesha mzigo umetoka wapi, unajaza pale mpakani, afisa wa forodha wa Tanzania anagonga muhuri, umemaliza, hakuna ajenti. Ila cheti cha afya ya mimea ni kingine kabisa na hapo wengi hukwama, so ongea na KEPHIS, shirika la Kenya la kukagua afya ya mimea, kabla hujatoa pesa.

Sasa shida, mzigo wa dola 2,000 haujazi kanta, ile lori ndogo, na kukodi kanta nzima ni hasara. Nikatafuta wamama wawili, mmoja wa Kitengela, mwingine wa Githurai, kila mtu pesa yake, mzigo wake, cheti chake. Madalali wakacheka, eti vitunguu vyote vinafanana, mpakani mtaambiwa ni mzigo wa mtu mmoja na mkifika Nairobi mtapigana. Nikanunua uzi wa rangi tatu, tukashona midomo ya neti, wangu manjano. Halafu tukapakia kinyume, wa Githurai ndani kabisa, mimi katikati, wa Kitengela mlangoni juu ndiye anashuka kwanza. Afisa akauliza, "Mama, huu ni wa nani?" Nikamjibu manjano zote ni zangu, hesabu. Akahesabu! Zikalingana na karatasi, akaangalia uzi tena, akacheka mwenyewe. Dereva naye alitaka kufunika turubai kote, nikakataa, kitunguu kikikosa hewa kinatoa jasho na kinaoza, afadhali vumbi.

Kununua sina mengi, nenda Arusha, ulizia vitunguu vya kutoka Mang'ola, vimekauka vizuri na vinakaa. Salamu kwanza lakini. Sisi wa Nairobi tunafika tu "hii ni ngapi" na bei inapanda hapo hapo. Mimi nilimwamkia mzee mwenye mzigo shikamoo, nikauliza na habari za mvua, akanipunguzia mpaka nikaona aibu kuendelea kubishana.

Huyo mzee ndiye alinikumbusha huu mpaka ulifungwa 1977 jumuiya ya zamani ilipovunjika, ukafunguliwa 1983, miaka yote hiyo watu wa ukoo mmoja pande zote mbili wanatazamana tu. Leo Namanga maafisa wa nchi mbili wako jengo moja na bado kuna mtu anakushauri upite msituni usiku! Na hao wanaongea soko huru la Afrika nzima, lile lilianza 2021, sawa, mimi wacha nimalizane na jirani kwanza.

Nikitoa kanta, vibarua na chai ya njiani, nilibaki na ya rent na fees za kijana, na kidogo ya kurudi Arusha. Bei niliyonunulia msiniulize, mna midomo.