Ulimvua nguo uwanjani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Zamu ya tafakari wiki hii ni yangu, na somo nililiandaa mapema, tangu Jumapili jioni: sifa za kiongozi kazini, kwa mafundisho ya Yethro. Andiko mnalijua, Kutoka 18. Mzee wa watu amekaa akamtazama mkwewe Musa anavyoamua kesi tangu asubuhi hata jioni, akamwambia utajimaliza bure, tafuta wa kukusaidia: "watu walio uwezo, wenye kumcha Mungu, watu wa kweli, wenye kuchukia mapato ya udhalimu." Sifa nne. Nikafurahi kwamba hata vichwa vya somo nimepewa bure. Jumatatu ikaja.

Wengi mnajua nasimamia stoo ya dagaa huku Kibirizi. Usiku wa giza mitumbwi ikitoka na taa zake, asubuhi sisi hatuna hata nafasi ya kumeza chai. Jumatatu tulikuwa tunapakia lori la Dar, kuhesabu magunia, yamepungua sita. Magunia sita ya dagaa wa Kigoma! Anayejua bei haniulizi kwa nini nilipandisha sauti. Nikamwita karani wangu wa mizani, kijana mdogo tu, mbele ya wachambuaji, wapakiaji, dereva, hata muuza kahawa aliyekuwa anapita. Niliyosema mengine sitayaandika hapa. Ila niliongeza kwamba watu wa kwao nawajua, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Mkononi alikuwa na sindano ya kushonea magunia. Akawa anaizungusha vidoleni, anaizungusha, mpaka nilipomaliza. Akasema, "Sawa, Mama," akarudi kwenye mizani yake.

Jumatano usiku nafua aproni, mfukoni nikakuta kipande cha boksi kimelowa. Wino wa buluu umechuruzika lakini unasomeka: magunia 6, na sahihi yangu mimi. Ijumaa ya wiki iliyopita mteja wa Kalemie alikuwa anawahi boti, umeme umekatika, nikamtolea mzigo mwenyewe kwa tochi ya simu. Hela yake iliingia na mimi ndiye niliyeiona. Nikaandika pale, nikatia mfukoni, nikasahau.

Alhamisi nikamvuta kijana nyuma ya stoo, kule kwenye tangi la maji. Nikamwambia, "Mdogo wangu, samahani kama nilikukwaza." Akajibu, "Haina shida, bosi." Bosi! Siku zote ananiita Mama.

Nilirudi ndani nikijiona nimemaliza. Yupo bibi mmoja mtu mzima kati ya wachambuaji, anayetusalimia "mwakeye" kila asubuhi kama anatubariki. Alikuwa ameniona nikitoka kule nyuma. Akaniambia bila kuinua macho kwenye ungo, "Mwanangu, ulimvua nguo uwanjani, umekwenda kumvika chumbani." Akaendelea kutoa mawe kwenye dagaa.

Wapendwa, somo langu la sifa nne liliishia hapo. Nimekwama kwenye "watu wa kweli" tangu Alhamisi na sijatoka.

Maana sisi tuliopewa vyeo tumejizoesha kitu kibaya. Ukweli wa makosa ya wengine tunausema kwa kipaza sauti, ukweli wa makosa yetu tunaunong'ona. Tena tunauwekea "kama". Kama nilikukwaza! Nilijua fika kwamba nimemkwaza, sindano niliiona. (Zakayo, yule mtoza ushuru, naye alisema "kama", lakini ya kwake ilikuwa na malipo mara nne nyuma yake, hatulingani.) Mithali 28:13 haisemi anayejieleza atapata rehema, inasema "aziungamaye na kuziacha". Na mtazame Samweli akikabidhi kazi, 1 Samweli 12. Hakumwita mtu pembeni. Amesimama mbele ya Israeli yote na mvi zake anauliza, "Ni nani niliyemdhulumu? Ni nani niliyemwonea?" na yuko tayari kurudisha. Wewe msimamizi, wewe mwalimu mkuu, wewe mzee wa kanisa unayenisoma, ukiuliza swali hilo kazini kwako kesho asubuhi, watu watanyamaza kwa sababu hawana la kusema, au kwa sababu wanakuogopa?

Mtaniambia heshima itashuka. Hata mimi nilijiambia hivyo usiku wa Alhamisi, na wa Ijumaa pia. Lakini heshima gani hiyo inayolindwa kwa jina la mtoto wa mwenzio kuitwa mwizi?

Kuonya lazima tuonye, sikatai. Ila kila nikishuka bandarini nikaiona meli ya Liemba, nawakumbuka wale mafundi wa Kijerumani. Mwaka 1916 waliizamisha meli yao wenyewe isichukuliwe na adui, lakini kabla ya kuizamisha wakazipaka mashine grisi nzito. Ilipoibuliwa mwaka 1924 mashine zilikuwa nzima, na mwaka 1927 ikarudi ziwani kufanya kazi. Watu waliokuwa vitani walijali chuma kiasi hicho. Mimi niliyeokoka nilimzamisha kijana mkavu, bila tone la grisi.

Hizo sifa nyingine tatu mtanisamehe. Uwezo, kila mtu anauona, kazi haifichiki. Kumcha Mungu tunahubiriwa kila Jumapili. Mapato ya udhalimu nitayarudia zamu yangu ijayo, na wenye vidole vizito kwenye mizani wajiandae.

Leo Jumamosi, kabla hatujafungua mizani, nilisimama palepale niliposimama Jumatatu. Magoti yalikuwa yanagongana. Nikainua kile kipande cha boksi nikasema magunia sita niliyatoa mimi, nikasahau mimi, na kijana huyu nilimtukana yeye na kwao bila kosa lolote. Sikuweka "kama". Hakuna aliyepiga makofi. Dereva alitazama viatu vyake. Kijana alikuwa anashona gunia, akaendelea kushona.

Saa saba mchana mama mmoja wa kupanga mzigo stoo akaja mwenyewe na daftari lake. "Mama, hapa jana nilijaza vibaya, nilirudia mstari." Miaka yangu yote pale, makosa huwa nayafukua mimi. Tukakaa juu ya gunia tukasahihisha pamoja.

Kijana bado ananiita bosi. Mniombee, naye mwombeeni zaidi.