Lile doa la wino katikati ya hitisinki

Juzi jirani alikuwa anapiga msasa mlango wa gari kabla ya kupuliza rangi, ule msasa mweusi wa maji, ndoo pembeni, na ile sauti yake ya shwaa shwaa ikaniingilia mpaka ndani nilikokaa na laptopu. Nikaacha kila nilichokuwa nafanya. Wenzangu wakisikia wimbo fulani wanarudi shuleni, mimi nikisikia msasa wa maji narudi kwenye hitisinki ya dogo, lile dude la chuma linalokaa juu ya prosesa ya kompyuta kuipoza.

Mashine ilikuwa kompyuta ya dogo, ile ya Q6600. Kwa asiyeijua, hiyo ni prosesa ya Intel iliyotoka Januari 2007, kori nne (yaani viini vinne vya kufanya kazi), gigahetzi 2.4, na iliheshimika kwa sababu ilikuwa inakubali kusukumwa, yaani kukimbizwa kuliko kasi iliyotoka nayo kiwandani. Unapandisha basi, yaani ile kasi ya msingi ambayo prosesa inaizidisha, kutoka megahetzi 266 mpaka 333 na yenyewe inasimama kwenye gigahetzi 3 kamili bila kubembelezwa. Dogo alishaisukuma. Shida ikawa joto. Akifungua Prime95, programu ya kuitesa prosesa, dakika chache tu feni inaanza kulia, Core Temp, ile ya kusoma joto, inaonyesha kori moja imegonga digrii 78 na zingine ziko nyuma yake. Akaniita, "Kaka njoo uone, hii kitu inachemka."

Cha kwanza tulibadilisha pesti, ile dawa inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imekauka mpaka inabanduka vipande. Tukasafisha kwa spiriti, tukaweka mpya, tukafunga, tukapima tena chumba kikiwa na joto lile lile. 74. Hapo nikamwambia hii 74 iandike mahali, maana chochote tutakachofanya baada ya hapa lazima kishindane na hiyo, sio na 78, la sivyo tutaupa msasa sifa ambazo ni za pesti. Naliona hili hadi leo, mtu anabadilisha pesti na kupiga msasa siku moja halafu anasema msasa umeshusha digrii kumi. Umejuaje?

Sasa kwa nini msasa. Ukiangalia kitako cha hitisinki kwa macho unaona kinang'aa, unaona kiko bapa, umemaliza. Cha dogo kilikuwa shaba nyekundu iliyovikwa nikeli, na ukikiinamisha kwenye mwanga unaona alama za mashine iliyokichonga, mistari inazunguka zunguka kama ya santuri. Nikachukua wembe, nikausimamisha kwa makali juu ya kitako, tukapiga tochi kwa nyuma. Pembeni giza. Katikati mwanga unapita, mstari mwembamba kabisa lakini unapita, na ukizungusha wembe kona hadi kona bado upo pale pale katikati. Maana yake kitako kina kibonde. Na chini ya kile kibonde, pale pale kwenye mwanga, ndipo silikoni yenyewe inapokaa, ndipo joto lote linapotokea.

Hili jambo la hewa linanigusa sana na sijui kwa nini watu wanalipita haraka. Shaba nyekundu inapitisha joto kama wati 400 kwa mita kwa kelvini. Hewa iliyotulia ni kama 0.026. Gawanya mwenyewe, ni zaidi ya mara 15,000. Yaani unanunua lidude la shaba na vibomba vya joto na mapezi ya alumini kibao, halafu katikati ya lile lidude na prosesa unaacha kijitabaka cha hewa. Pesti ndiyo inakuja kuziba pale, na inasaidia kweli, lakini pesti nyingi za kawaida zenyewe ni namba za tarakimu moja tu kwenye kipimo hicho hicho, kwa hiyo pesti nene ni blanketi. Unataka iwe nyembamba kadiri inavyowezekana, na haiwezi kuwa nyembamba kama chini yake kuna bonde.

Tukatafuta kioo. Dogo alikuwa na rafu ya kioo kinene, ikashushwa vitabu. Kioo kwa sababu ndicho kitu bapa kuliko vyote unavyoweza kukipata ndani ya nyumba. Kioo cha dirisha cha siku hizi kinatengenezwa kwa kukimwaga kikiwa kimeyeyuka juu ya dimbwi la stani iliyoyeyuka, kinaelea na kujitandaza chenyewe mpaka kinalala sawa, njia ambayo kampuni ya Pilkington ya Uingereza iliitangaza mwaka 1959. Meza ya mbao usiiamini hata kama fundi ni ndugu yako. Tukalowesha karatasi ya msasa namba 400, ikajinata kwenye kioo kwa maji tu, tukaongezea gundi ya karatasi kwenye kingo ili isitembee. Tone la sabuni ya maji juu.

Halafu makapeni. Nilichora mistari kwenye kitako chote, wima na mlalo, mpaka kikajaa viboksi. Dogo akauliza unachora nini sasa, nikamwambia ngoja. Huo wino ndio macho yako. Msasa unafuta palipoinuka, palipobonyea wino unabaki, na hapo hubahatishi tena, kitu chenyewe kinakuonyesha.

Basi tukaanza. Hitisinki ndefu kama ile ina tabia ya kuyumba, ukiishika juu inakatika kichwa mbele na nyuma na kingo za kitako zinaliwa, unaishia kutengeneza mgongo badala ya kunyoosha. Unaishika chini kabisa, vidole karibu vinagusa msasa, na hukandamizi, uzito wake unatosha. Unaivuta kwako ikiwa imetulia, unarudisha, baada ya muda unaigeuza robo ili kama mkono wako una upande unaoelemea usielemee sehemu moja siku nzima. Maji yakaanza kuwa ya kijivu. Hiyo ni nikeli inaondoka.

Nikaigeuza, nikaifuta kwa kitambaa. Kwenye kona zote nne nikeli imeshaisha, shaba imetoka, nyekundu mbichi, na zile kona zimeungana kwa kamstari kwenye ukingo kiasi kwamba kitako kizima kimepata fremu. Ndani ya fremu kila kitu kiko vile vile, nikeli nyeupe na viboksi vyangu vya wino havijaguswa hata kimoja. Dogo akakaa kimya akiangalia. Nadhani alikuwa haamini ile habari ya wembe, alikuwa amenifuata tu kwa sababu mimi ni mkubwa. Akanyoosha mkono, "Nipe."

Nikampa. Na hapo ndipo kumbukumbu yangu inapoganda, kwenye ile sehemu nyeupe ya katikati. Kila tukiifuta imepungua, lakini kidogo sana. Mwanzoni ina umbo la mraba kama kitako chenyewe, halafu kona zake zinalainika, halafu inakuwa duara, halafu duara linabonyea upande mmoja kwa sababu kibonde hakikuwa katikati kabisa kama tulivyodhani. Maji kwenye kioo yakageuka kutoka kijivu kuwa rangi ya kutu, na ile harufu ya shaba iliyolowa ikajaa chumbani, inakaa kwenye vidole hata ukinawa. Dogo akiona haiishi anaanza kukandamiza, nasikia kwa sauti kabla sijaona, ule mlio unabadilika unakuwa mzito, namwambia "Dogo taratibu, usiilazimishe," anapunguza, baada ya muda mlio unarudi kuwa mzito tena. Tunabadilishana. Karatasi inachoka, tunaweka nyingine. Unaweza kuona msasa umechoka pale unapoanza kuteleza bila kukwaruza, ukiendelea nao unajichosha bure.

Mwisho likabaki doa. Tuseme ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, nikeli yenye wino, na kwenye ule wino bado unaona pale mistari yangu miwili ilipokutana. Kila kitu kingine ni shaba tupu. Ukipitisha kidole hapo husikii chochote, hakuna shimo, hakuna ngazi, ni laini tu. Lakini msasa unapita juu yake haugusi. Nilikaa nalo lile doa mkononi nikiwaza ni kina gani hicho ambacho kidole changu hakikijui, na kwamba muda wote ule, tangu hitisinki imefungwa siku ya kwanza, prosesa ilikuwa inalipa deni la hicho kina. Doa lilipoisha halikupotea polepole. Tuligeuza, lipo hafifu kama kivuli, tukapitisha tena mara chache, tukageuza, halipo. Dogo akasema "Imeisha?" kwa sauti ya mtu ambaye angependa iendelee.

Kilichofuata ni haraka. Msasa namba 600, wa 1000, wa 1500, wa 2000, kila mmoja unafuta mikwaruzo ya mwenzake. Mimi ningeishia 1000, kinachotafutwa ni ubapa, mng'ao ni mapambo, kitu kinaweza kung'aa kama kioo na bado kina bonde. Ila dogo alitaka ajione uso na alijiona. Tukaosha, tukakausha, tukapitisha spiriti mpaka kitambaa kinatoka cheupe, maana unga wa shaba ukidondokea kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, ni habari nyingine. Wembe tena, tochi tena. Giza kona hadi kona.

Ubishi ukaanzia hapa. Dogo akachukua ule ule wembe akausimamisha kwenye kifuniko cha prosesa, ambacho nacho ni shaba iliyopigwa na mashine na kuvikwa nikeli, na hakuna aliyewahi kuahidi kwamba kifuniko kitakuwa bapa kama kioo. Mwanga ukapita. Kidogo, kidogo kuliko wa hitisinki, lakini ukapita. Akaniangalia. "Kaka, tumenyoosha upande mmoja, mwenzake tunamwachaje?"

Nilikataa. Hitisinki ukiiharibu unatafuta nyingine, prosesa ile ndiyo ilikuwa mashine yenyewe. Maandishi ya juu yanafutika, hutaweza tena kumwonyesha mtu ni prosesa gani, dhamana kwaheri, na chini yake kuna vile vidoti 775 vya kugusia soketi, kile kiti cha prosesa, ambavyo maji machafu ya shaba hayatakiwi kuvisogelea. Watu walikuwa wanafanya, tena wengi, miaka ile ilikuwa kama dini. Mimi nikasema hapana. Tukafunga.

74 ikawa 68. Chumba kile kile, feni ile ile, pesti ile ile. Digrii sita sio kitu cha kubadilisha maisha ya mtu lakini feni ilinyamaza, na dogo akasukuma mashine juu kidogo tena ikakubali. Ila kori mbili ziliendelea kuwa juu ya wenzao kwa kama digrii tano, kama mwanzo. Q6600 ndani ni vipande viwili vya silikoni vimekaa ubavu kwa ubavu chini ya kifuniko kimoja, kila kimoja kori mbili, na zile mbili zilizokuwa juu zilikuwa za kipande kimoja.

Vijana wananiuliza kama na wao wapige msasa, na jibu langu linazidi kuwa refu kila mwaka. Siku hizi kuna hitisinki zinazochongwa na mgongo kidogo makusudi, ili shinikizo liende katikati palipo na silikoni, ukiinyoosha hiyo umeondoa kazi ya mtu aliyejua anachofanya. Soketi nazo zina mambo yake, ile LGA 1700 iliyokuja mwaka 2021 kibanio chake kilikuwa kinapinda kifuniko cha prosesa, watu wakaanza kununua fremu za kubadilishia kibanio, msasa hauingii kabisa hapo. Na zile zenye vibomba vinavyogusa prosesa moja kwa moja, kuta zake ni nyembamba, ukitoboa umemaliza. Kwa hiyo nawaambia wembe na tochi kwanza. Wengi hawarudi kunipa jibu.

Dogo mpaka leo anasema zile digrii tano ziko kwenye kifuniko, mwanga aliuona kwa macho yake. Mimi nasema sensa za joto za kipindi kile hazikuwa za kubishania digrii chache, na kipande kimoja kinaweza kuwa na joto kuliko mwenzake kwa asili yake tu. Nikilala nawaza huenda yuko sahihi. Prosesa anayo bado, kwenye droo, na ameniuliza tena mwezi huu kama kile kioo kinene bado kipo.