Nilivyomfikisha mume wangu kwenye kipimo cha utumbo bila kumwambia "usiogope"

Ukimwambia mtu "usiogope", hofu yake inabaki palepale na unamwongezea kazi ya kuificha. Mume wangu alipoandikiwa kolonoskopi, kile kipimo cha kupitisha mpira wenye kamera kwenye njia ya haja kubwa hadi mwisho wa utumbo mpana, ndugu walimmiminia "usiogope" za kila aina, naye akazidi kunyamaza. Mimi nilimuuliza swali moja: unaogopa kipi hasa? Yakatoka manne. Aibu ya kuguswa nyuma, maumivu, kuchomwa sindano ya usingizi asiamke, na majibu. Matatu ya kwanza yana dawa. La nne nilimwambia wazi kwamba halina, tutalibeba likija.

Aibu ndiyo inayowakimbiza wanaume. Mtu yuko tayari kumeza vidonge vya kuongeza damu mwaka mzima huku damu inavuja chini, mradi tu asivue suruali. Nilipiga simu kitengo kinachofanya kipimo nikauliza mambo ambayo yeye asingeuliza: chumbani kuna nani, anavaa nini, analalaje. Majibu yalikuwa mepesi kuliko alivyowazia. Unavaa gauni lenye mpasuo nyuma, unafunikwa shuka, unalala ubavu wa kushoto magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Daktari anatanguliza kidole chenye jeli, kisha mpira. Ukitaka wahudumu wa kiume, omba siku unayopanga miadi. Asubuhi ya kipimo zamu imeshapangwa na hakuna wa kukusikiliza.

Kwenye maumivu nilipata bahati, kwa sababu mzee ni fundi bomba. Nilimweleza kifaa kama anavyomweleza mteja bomba lililoziba. Mpira una unene wa kidole hivi, kama milimita 13, na unapinda kwa magurudumu mawili yaliyo mkononi mwa daktari. Ndani yake mna taa, kamera, njia ya maji, njia ya hewa, na njia moja ya kupitishia waya wa kukatia vinyama, yaani viuvimbe vinavyoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo. Utumbo mpana wenyewe una urefu wa kama mita moja na nusu, na una kona. Kinachouma ni hewa inayoutanua na mpira unapojikunja kitanzi konani, ndiyo maana muuguzi hubonyeza tumbo ili mpira unyooke. Kukatwa kinyama hakuumi, kwani ngozi ya ndani ya utumbo haisikii mkato. Nilipomwambia kwamba waya huo wa kukatia ulianza kutumika mwaka 1969 huko New York, na daktari Hiromi Shinya, alikaa kimya kidogo kisha akauliza waya unapitaje konani bila kukwama. Hapo nikajua tumevuka.

Usingizi ulizieni mapema, kwa sababu hospitali hazifanani. Kuna wanaochoma sindano nyepesi mtu akawa anasinzia huku anajibu akiitwa, na kuna wenye mtaalamu wa usingizi anayemlaza kabisa. Bei nazo zinatofautiana, na mara nyingi sindano hiyo hulipiwa kando na kipimo, na vipande vinavyopelekwa maabara vinalipiwa kando tena. Sisi ilitutoka laki kadhaa. Ombeni hesabu yote kwenye karatasi kabla ya siku yenyewe. Mgonjwa aliyeshinda bila kula hafai kubishania risiti dirishani.

Sasa dawa anazotumia. Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma huachwa kama wiki moja kabla, kwa sababu vinatia choo weusi unaong'ang'ania ukuta wa utumbo. Dawa za kuyeyusha damu msizikate kwa akili zenu, muulizeni daktari aliyeziandika. Mwenye kisukari apangiwe dozi upya, maana siku hiyo hali chakula na sukari inaweza kushuka ghafla. Mume wangu ana dawa ya presha. Aliambiwa aimeze alfajiri kwa maji kidogo. Ila kidonge kikimezwa ndani ya saa moja kabla ya kuanza dawa ya kusafisha tumbo, kinaweza kusombwa na mafuriko kabla hakijaingia mwilini. Kwa hiyo saa ya kidonge nayo niliiandika.

Chakula ndipo ushauri mbovu ulipojaa. Wifi yangu alileta papai, ale na mbegu zake, "zinasafisha". Mbegu ndizo haswa zisizotakiwa! Zinabaki utumbo mzima, zinaziba njia ya kunyonyea maji kwenye mpira, na daktari anakaa anafukuza mbegu badala ya kutafuta ugonjwa. Siku tatu za mwisho ondoa maharage, kunde, mchicha, kisamvu, bamia, mahindi, karanga, ufuta, mapera, pasheni, nyanya, na ugali wa dona. Ruhusu wali mweupe, ugali wa sembe, mkate mweupe, mayai, samaki, kuku, viazi vilivyomenywa. Jirani mwingine akasema ni kufunga tu, kama Ramadhani. La hasha. Siku ya mwisho kabla ya kipimo hali kitu kigumu, lakini lazima anywe kutwa nzima, la sivyo dawa itamkausha apate kizunguzungu. Chai ya rangi yenye sukari, kahawa bila maziwa, maji ya dafu (mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza), supu ya kuku iliyochujwa na kuenguliwa mafuta. Chochote chekundu au cha zambarau marufuku, juisi ya rozela ikiwa ya kwanza, kwa sababu kwenye kamera kinafanana na damu.

Nije kwenye choo, ambacho hakuna karatasi ya hospitali inayokitaja. Sisi tumepanga, choo ni cha kuchuchumaa, tunakitumia na wapangaji wengine, na maji ya bomba yanakuja kwa mgao. Dawa hii inampeleka mtu chooni zaidi ya mara kumi, nyingine zikifuatana kwa dakika chache. Mzee ana magoti mabovu kwa miaka ya kuinama chini ya masinki. Hiyo ndiyo hofu ya tano ambayo hakuitaja, nami niliiona.

Tulichukua kiti cha plastiki chenye mikono, kile cha kwenye kumbi za harusi, tukakitoboa. Yeye mwenyewe alikifanyia kazi, na nilimwachia kwa makusudi: mtu akishika msumeno hawazi sana. Chagua kiti kizito, kisicho na ufa kwenye miguu. Chora duara la yai katikati ya kikalio, kama sentimita 25 kwa 20, na mwisho wake wa mbele uache kipande kipana cha kushikilia mapaja, kwa sababu ukikata hadi ukingoni kiti kinafunguka mtu akikaa. Toboa tundu moja kwa msumari wa moto, ingiza jino la msumeno wa chuma, zungusha. Kingo zisugue kwa msasa, halafu zivalishe mpira wa tyubu ya baiskeli uliopasuliwa kwa urefu. Bila hivyo plastiki inakata mapaja ikifika saa nane usiku. Miguu minne ya kiti itanue juu ya sinki la choo, chini yake weka vipande vya tyubu visiteleze kwenye sakafu yenye maji. Kijaribu na mtu mzito kuliko mgonjwa. Shemeji alikaa, akacheka, akauliza kama tunauza.

Maji tulijaza pipa na ndoo zote tangu jana yake. Wapangaji wenzangu niliwaambia bila kuzungusha kwamba jioni hadi asubuhi choo kina mgonjwa, wawahi kabla ya magharibi. Mama mmoja alitoa choo cha kwao kwa wengine. Taa ya kuchaji karibu na mlango, umeme ukikatika. Ngozi nayo inaungua kwa kufutwa futwa: apake mafuta ya mgando kabla ya safari ya kwanza, si baada ya kuchubuka, na anawe kwa maji matupu, ajikaushe kwa kugandamiza kitambaa laini. Sabuni ya manukato iwekwe mbali.

Dawa yetu ilikuwa ya unga, pakiti nne, kila moja kwa lita moja ya maji. Zipo za lita mbili pia, na zipo zinazotanguliwa na vidonge vya kuharisha ambavyo havitafunwi wala havimezwi na maziwa. Fuateni karatasi yenu. Miadi ilikuwa saa nne asubuhi, kwa hiyo nusu ya kwanza alianza saa 12 jioni na nusu ya pili saa 10 alfajiri, ikiisha saa 12 asubuhi. Wengi huomba wamalize zote usiku walale. Msikubali kama daktari kaagiza ugawe: usiku kucha utumbo mwembamba unaendelea kudondosha nyongo na ute, na unafunika upande wa kulia wa utumbo mpana ambako vinyama bapa hujificha. Dozi ya alfajiri ndiyo inayouosha.

Glasi moja ya mililita 250 kila dakika 15. Ladha yake ni ya maji ya chumvi yaliyoogewa. Usitie sukari wala juisi ndani ya dawa, unavuruga vipimo vya chumvi vilivyomo. Barafu pia usiitumbukize. Chupa zizungushie barafu kwenye deli, kwa nje. Mrija usukumwe nyuma ya ulimi, na kati ya glasi na glasi alambe kipande cha limau. Saa nilishika mimi. Yeye hakuruhusiwa kuuliza zimebaki ngapi; nilikuwa nampa glasi iliyopo tu na kuficha chupa. Alipoona namchelewesha, alinyakua glasi mbili akazipiga kwa mpigo "zimalizike". Matokeo yake alitetemeka baridi, tumbo likajaa, kichefuchefu kikapanda. Tulisimamisha nusu saa, akatembea uani na blanketi begani, tukarudi kwa kasi ya glasi moja kila dakika 20. Kichefuchefu cha namna hiyo hupita. Mtu akitapika mfululizo, au tumbo likiuma sana na hakuna kinachotoka, ni simu hospitali.

Mimi sikupika chochote jioni ile. Watoto walikula kwa shangazi yao. Harufu ya vitunguu inayokaangwa mbele ya mtu wa namna hiyo ni uonevu.

Cha kukagua ni rangi. Mwanzo choo cha kawaida, kisha maji ya kahawia, kisha kama chai ya rangi, mwisho majimaji ya njano angavu kama mkojo. Alfajiri ikiwa bado ni tope, waambieni hospitali mkifika au kabla ya kutoka. Ukificha, daktari atafika nusu njia aone giza, na kazi yote inarudiwa.

Garini: taulo nene kwenye kiti, suruali ya akiba, khanga kuukuu, na tuliondoka saa mbili asubuhi, yaani muda wa saa mbili kamili baada ya glasi ya mwisho. Kutoka mapema zaidi kwenye foleni ni kujitafutia.

Kipimo chenyewe kilikuwa kifupi kuliko kukisubiri; mara nyingi ni kati ya dakika 20 na 45. Akizinduka ana gesi, na aitoe, wauguzi wenyewe wanaisubiri. Sindano inafuta kumbukumbu: aliuliza "wameanza?" mara nyingi, na kila mara nilimjibu kama ni mara ya kwanza. Kwa sababu hiyo maneno ya daktari huyasikia mwenza, na mwenza aandike. Niliuliza manne: mmefika mwanzo wa utumbo mpana, pale kilipo kidole tumbo? Ulikuwa safi? Mmetoa nini? Arudi lini? Walitoa vinyama viwili vidogo, wakavipeleka maabara.

Saa 24 haendeshi gari wala pikipiki, hasaini mkataba, hapandi ngazi ya kazini. Matone ya damu kwenye karatasi baada ya kutolewa kinyama si ajabu. Damu nyingi au mabonge, homa, tumbo gumu lenye maumivu yanayozidi, kutapika: rudini siku hiyohiyo, msingoje kupambazuke. Utumbo kutoboka ni nadra, karibu mtu mmoja kwa kila 1,000 au pungufu, lakini nadra haisubiriwi nyumbani. Pale kilipotolewa kinyama panaweza kuvuja damu hata baada ya wiki mbili, kwa hiyo safari ya kijijini tuliisogeza mbele.

Alianza na uji mwepesi wa sembe, jioni wali na samaki. Maharage aliyaomba siku hiyohiyo. Nilimnyima hadi kesho yake, kwa ajili ya gesi. Majibu ya maabara yalisema vile vinyama ni vya aina inayoweza kugeuka saratani vikiachwa, na vyote vilitoka vizima. Ripoti niliipiga picha nikawatumia kaka zake wawili, kwa sababu vinyama hivi hutembea kwenye familia na wao wameshapita miaka 40. Mkubwa kaomba tarehe. Mdogo kaomba kiti.