Kanula, bandama na mwanafunzi wangu wa kwanza Uingereza

Mwezi wangu wa pili kwenye wodi za Uingereza, muuguzi wa zamu aliniletea mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu akasema, "Huyu leo yuko nawe." Nilikuwa na wagonjwa kumi na wanane, majibu ya damu ya kufuatilia, na mzee mmoja ambaye presha yake ilikuwa inashuka tangu alfajiri. Hakuna aliyeniuliza kama najua kufundisha. Lafudhi za pale zenyewe bado zilikuwa zinanipiga chenga.

Tangu siku hiyo sijakaa wiki bila mwanafunzi pembeni. Hapa ukimaliza chuo unapita miaka miwili ya mafunzo ya msingi, halafu miaka mingi ya kuelekea ubingwa. Wote walio katika safari hiyo waliitwa "madaktari wadogo" hadi Septemba 2024, jina lilipobadilishwa. Lilistahili kubadilishwa, maana wapo humo watu wenye miaka zaidi ya minane kazini. Na hao ndio mwanafunzi anaowakuta wodini. Bingwa hupita raundi asubuhi, akauliza maswali mawili matatu, kisha anakwenda kliniki au chumba cha upasuaji. Tunaobaki na mwanafunzi ni sisi.

Siku ile nilimfundisha kuweka kanula, ule mrija mwembamba wa plastiki unaoingizwa kwenye mshipa wa damu kwa sindano. Kuna utaratibu wa hatua nne unaoitwa wa Peyton: kwanza unafanya kimya kwa mwendo wako wa kawaida, pili unarudia huku ukieleza, tatu mwanafunzi anakueleza wewe ukifanya, nne anafanya mwenyewe huku akieleza. Tulianza kwenye mkono wa plastiki, kisha mama mmoja akakubali ajaribiwe. Mwanafunzi alimfunga mpira wa kubana mkono, akapapasa mshipa, akasafisha na kuacha pakauke, akavuta ngozi ikakaza. Damu ikaonekana kwenye kichupa cha nyuma ya sindano. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaifurahia ile damu, wanaendelea kusukuma kwa mwinuko uleule na kuutoboa mshipa upande wa pili. Nikamwambia, "Laza kidogo, ingiza milimita mbili, sasa telezesha plastiki peke yake." Ikaingia. Akataka kuchomoa sindano mpira ukiwa bado umefungwa. Nikauwahi kuufungua, la sivyo tungelowesha shuka.

Bingwa angeweza kumfundisha hayo, tena kwa ujuzi kunizidi. Lakini mikono yake imeshasahau kuwa iliwahi kutojua. Mimi ile damu ya kwanza kwenye kichupa naikumbuka vizuri, najua mwanafunzi ataparamia wapi kabla hajafika. Mwalimu wangu wa kwanza wa kweli naye alikuwa daktari tarajali, wala hakuwa profesa. Alinishika kiganja, akakiweka chini ya mbavu za kushoto za mgonjwa, akamwambia mgonjwa, "Vuta pumzi, mama." Bandama ikashuka ikagusa ncha za vidole vyangu. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi juu ya bandama, na siku hiyo ndiyo niliyoijua.

Kuna hatari yake, na nimeionja. Wakati mmoja nilimwambia mwanafunzi mbiombio kwamba oksijeni kwenye damu ya mgonjwa tunailenga asilimia 94 hadi 98. Sikutaja kwamba wenye ugonjwa sugu wa mapafu walio katika hatari ya kulimbikiza hewa ukaa tunawalenga 88 hadi 92, kwa sababu oksijeni ya kupita kiasi inaweza kuwadhuru. Nililikumbuka usiku nikiwa kitandani. Kesho yake nilimtafuta wodi kwa wodi hadi nikampata. Anayefundisha kwa haraka hupanda makosa yake ndani ya mtu mwingine, na mtu huyo atayabeba kwa wagonjwa wake.

Ndiyo maana nalilia muda. Baraza linalosajili madaktari hapa linamtaka kila daktari awe tayari kushiriki kufundisha, lakini kwenye ratiba za zamu nilizopewa sijawahi kuona hata saa moja iliyoandikwa "kufundisha". Tunaikata kwenye chakula, au tunachelewa kutoka. Siku wodi ikielemewa, mwanafunzi ndiye wa kwanza kuachwa amesimama ukutani, na hilo linaniuma kuliko kuchelewa kwenyewe.

Ndugu zangu madaktari mnaokuja kufanya kazi huku, msijifiche kwa sababu ya lafudhi. Mwanafunzi husamehe lafudhi. Asichosamehe ni kupuuzwa. Mwambieni asubuhi mtamfundisha jambo gani moja, hata likiwa la dakika kumi, na lifanyike. Halafu mwombeni aandike maoni juu ya mlivyomfundisha siku hiyohiyo, kwa sababu kwenye maombi mengi ya mafunzo ya ubingwa kufundisha kuna alama zake. Wakishahamia wodi nyingine, kuwapata tena ni kazi.