Mifupa ya Shela

Kijana wangu alikwenda likizo kwa mjomba wake Taveta, juzi karudi, begi kaliacha mlangoni, hata chakula hakutaka. Mjomba kampeleka makaburi ya askari wa vita vya kwanza vya dunia, anasema baba yamepangwa safu safu, majani yamekatwa, kila mtu na jiwe lake. Wako askari wa Afrika Kusini mle, wale walioshambulia kilima cha Salaita tarehe 12 Februari 1916 wakidhani watamtoa Mjerumani asubuhi moja, wakapigwa wakarudi nyuma. Watu wa mbali kabisa, anasema, na majina yao yanasomeka mpaka leo. (Mi nilimkumbusha wabebaji mizigo wa vita hivyo hivyo, hawa waliotuachia jina la Kariakoo, walikufa maelfu kwa maelfu na wengi wao hawana hata kijiwe. Hilo linaniuma kila nikilifikiria.)

Halafu akaniuliza, "Baba, na wale wa Shela, jiwe lao liko wapi?"

Nilinyamaza. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Kusi lilikuwa limevuma usiku kucha, na sisi watoto wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, tulijua kusi likivuma hivyo milima ya mchanga inahama na vitu vinatoka. Nilikwenda na binamu yangu tukitafuta mbuzi wa bibi, tukashuka bonde moja nyuma ya kijiji, na pale chini mchanga ulikuwa umekwanguliwa kama mtu kapitisha ufagio. Niliona kitu cheupe. Nilidhani ni kifuu cha nazi. Nilikigeuza kwa mguu, kwa mguu wangu huu, na meno yakanitazama. Yote yamo, meno ya kijana, hayajaliwa hata moja.

Binamu yangu akasema tukichukue tukawaoneshe wazungu ufukweni watatupa hela. Nami nikakubali, nasema ukweli, nilikubali. Tukawa tunabishana nani akibebe ndipo bibi akatokea juu ya mchanga, na mbuzi wake kesha mpata, kamshika kamba.

Hakutupigia kelele. Alimwachia mbuzi kamba, akavua leso ya juu, akapiga magoti pale kwenye mchanga unaowaka, akalizungusha lile fuvu ndani ya leso bila kuligusa kwa mkono, taratibu, kama anavyofunikwa mtoto aliyelala asiamke. Akachimba kwa viganja. Sisi tumesimama tu. Akaliweka, akaipangusa leso, akaanza kurudisha mchanga, nami nilipotaka kusaidia kwa mguu akanishika kifundo. "Kwa mikono, mwanangu." Basi tukafukia kwa mikono wote watatu, mchanga unaporomoka tunarudisha, unaporomoka tunarudisha. Akasoma Fatiha.

Nikamuuliza, "Bibi, ni wetu au ni wao?"

Maana hadithi tuliijua sote, zaidi ya miaka 200 nyuma Wamazrui waliokuwa wakitawala Mombasa na watu wa kisiwa cha Pate walishuka Shela kuipiga Amu, ndio mji wa Lamu, wakashindwa, wakakimbilia majahazi wakakuta maji yamekupwa vyombo vimekaa mchangani, wakauawa pale pale. Baada ya hapo ndio Amu ikamwita Seyyid Said wa Omani aje ailinde, na Ngome ya mjini Lamu ikamalizwa mwaka 1821. Ngome ipo, kila mgeni anapigwa picha nayo. Walioshindwa walibaki mchangani.

Bibi akasema, "Ana mamake huyu. Alimngoya asirudi." Kisha akaniambia neno ambalo mpaka leo nikifungua mfereji nalisikia: "Mai haya tunwayo yapita kwao."

Na ni kweli, maji matamu ya Amu yanatoka visima vya Shela, mvua inanyesha kwenye ile milima, mchanga unaichuja, sisi tunakunywa.

Mengine yalipita haraka. Bibi alifariki, mi nikahamia mjini, Shela zikajengwa nyumba kubwa kubwa. Jana alasiri nikampeleka kijana wangu kule. Bonde sikuliona, limeshahama au limejaa, sijui. Tulizunguka mpaka jua likainama. Akanishauri tuweke jiwe moja kubwa, nikamwambia hatuna hata jina moja la kuandika. Akafikiri, akasema basi tuandike walikotoka. Nikamwambia wajukuu wa watu wa Pate tunaoana nao, wengine ni ami zako, je watapenda kuona jiwe la kushindwa kwao limesimama Shela? Au watashukuru kwamba angalau yuko aliyewakumbuka? Mimi mwenyewe siku nyingine naona Fatiha ya bibi ilitosha, siku nyingine naona tumewaacha watu wa watu miaka yote hiyo upepo uwafunue na mbuzi wawakanyage.

Wakati wa kurudi alivua viatu akavibeba mkononi. Sikumwambia avue.