Dodoma mpaka Singida na flashi moja ya mziki wa taratibu

Tulitoka Dodoma saa nane mchana, jumamosi ya mwezi wa tisa, mimi na shemeji yangu (kaka wa mke wangu) kwenye IST yake. Yeye alikuwa anafata mafuta ya alizeti Singida, madumu sita, mimi nilikuwa nafata jua linavyozama ziwa Singidani. Kwenye mfuko wa shati nina flashi, ndani yake nyimbo 38 za dauntempo (mziki wa mashine wa mwendo wa taratibu) nilizozipanga wiki nzima kwa safari ya saa nne, na folda nyingine pembeni ya nyimbo nne tu za pale ziwani.

Shem ni mtu wa singeli. Singeli ile inapita mapigo 200 kwa dakika, wakati huu mziki wangu unatembea kwenye 80, 90, ukizidi sana 110, kwahiyo tumefika Nala wimbo wa kwanza umeshamaliza dakika tano ananiuliza, "Shem, hii bado haijaanza eti?" Nikamwambia imeshaanza na imekaribia kuisha. Akacheka, ila hakuitoa flashi, na kwa hilo namshukuru mpaka leo maana redio ya gari ni ya mwenye gari.

Niseme kwanza nilivyoupata huu mziki. 2006 nilikuwa nakaa mapokezi kwenye hoteli moja hapa Dodoma, zamu ya usiku, na kuna mgeni aliondoka akaacha CD kwenye droo ya kitanda, imeandikwa kwa peni tu, namba 1 mpaka 14. Tuliitunza mwezi mzima tukisubiri airudie, hakuirudia, basi usiku wa saa tisa, umeme upo, wageni wamelala, nikaiweka kwenye redio ndogo ya kaunta kwa sauti ya chini kabisa. Aisee. Hamna aliyekuwa anaimba karibu nusu saa. Besi inakuja kama mtu anatembea peku kwenye sakafu ya juu, halafu kinanda kinaingia noti mbili kinaondoka, na sikuona wimbo mmoja unaishia wapi mwingine unaanzia wapi. Mpaka asubuhi niliirudia mara tatu. Watu wanauita mziki wa lifti, mziki wa mahotelini, wanaudharau, ila mimi niliyekaa hotelini usiku kucha najua huo mziki unamfanyia nini mtu ambaye haruhusiwi kulala na hana wa kuongea naye.

Kitu ambacho nimekuja kukielewa taratibu ni kwamba utamu hauko kwenye wimbo mmoja mmoja, uko kwenye mpangilio. Kuna mtu mmoja alikaa, akachagua, akasema huu utangulie huu ufate, na alikuwa na saa fulani ya siku kichwani wakati anapanga. Chukulia Café del Mar. Ni baa iliyofunguliwa 1980 kule Ibiza, kisiwa cha Hispania, mji wa San Antonio, imeangalia baharini upande jua linapozama. Pale alikuwepo DJ anaitwa José Padilla, kazi yake kubwa ilikuwa kupiga mziki wa kulisindikiza jua, na kabla hata hayajatoka makompilesheni yenyewe (CD za mkusanyiko zenye jina la hiyo baa) alikuwa anarekodi miksi zake kwenye kanda anawauzia watu. CD ya kwanza ya Café del Mar imetoka 1994. Humo ndani kuna mziki wa mashine tupu, afu katikati unakutana na Penguin Cafe Orchestra wanapiga hamoniamu, kinanda cha kupampu upepo, kile ambacho kiongozi wao alikiokota kimetupwa mtaani Kyoto, Japani. Kwenye karatasi havipatani kabisa, lakini Padilla alijua jua likifika pale mtu anahitaji kusikia kitu kilichoguswa kwa mkono. Amefariki 2020 na mimi nilikaa siku nzima nazisikiliza zile za mwanzo kama nimefiwa na mtu ninayemjua.

Hiyo ya kanda ndo iliyonimaliza, kwasababu sisi tumeyaishi. Waliokuwepo miaka ya tisini wanakumbuka, unaenda na kanda tupu kwenye kibanda cha kurekodi, unampa jamaa karatasi umeandika nyimbo zako, upande A na upande B, dakika 60 au 90, na ukikosea hesabu wimbo wa mwisho unakatika katikati. Kaka yangu alikuwa na daftari la hayo mambo tu. Anahesabu dakika na sekunde, anafuta, anaandika upya, na alikuwa hawezi kuweka nyimbo mbili za huzuni zikafatana, alikuwa anasema msikilizaji atapata wapi pa kupumulia. Nikimuona Padilla namuona kaka.

Basi tukafika Bahi. Mwezi wa tisa Bahi ni kavu, zile mbuga za mpunga zimebaki mabua na nyufa, mibuyu haina hata jani, na kwa mbali kisulisuli kinainuka chekundu kinazunguka peke yake kama hakina haraka. Hapo nilikuwa nimepanga Kruder na Dorfmeister, wale jamaa wawili wa Vienna, Austria, kwenye mkusanyiko wao wa 1998 ambao karibu wote ni nyimbo za watu wengine walizozifanyia remiksi wakazipunguza mwendo wakazitia mwangwi. Zinahitaji sehemu tambarare, yani ukizisikiliza kwenye foleni ya mjini huzielewi. Dirisha liko wazi, vumbi linaingia, na ule mwangwi ukawa kama unatoka nje kwenye mbuga unaingia ndani ya gari, siyo kinyume. Shem alikuwa kimya kilomita kama kumi hivi. Halafu akasema, "Huyu anayepiga ngoma anasubiri mtu." Sijawahi kusikia mtu akauelezea huo mziki vizuri kuliko hapo.

Mlima wa Saranda ndo uliniharibia hesabu. Pale ndo unapanda ukuta wa bonde la ufa kutoka mbuga za Bahi kwenda juu Manyoni, na tulikuta malori manne yamefatana, la mbele yetu limebeba nondo, linapanda kilomita kama 15 kwa saa, moshi wote kwetu, kona hazikuruhusu kupita. Mimi mlima nilikuwa nimeutengea wimbo mmoja wa dakika saba, wenye kupanda kidogo kidogo hivi, nikajua ukifika kileleni sisi nasi tuko kileleni. Ukafika kileleni sisi hata robo bado. Ukaingia wa pili, ukaingia wa tatu, na huo wa tatu niliuweka kwa ajili ya kule juu kwenye upepo, sasa unalia nyuma ya lori la nondo. Moyo uliniuma kwakweli. Nikataka kurudisha nyuma, shem akanizuia mkono, "Acha bana."

Na nikaacha. Sasa angalia kilichotokea: zile nondo zimetoka nje ya lori kama mita moja, zimefungwa kitambaa chekundu mwishoni, na lori likipita kwenye tuta zinaruka zote pamoja zinashuka zote pamoja, polepole, na ile besi ya wimbo ilikuwa inadunda hapo hapo. Siyo kila mara, labda mara tano sita. Nikamuona shem naye anaziangalia hizo nondo anatikisa kichwa. Tulivyopata nafasi ya kulipita hakuna hata mmoja aliyefurahi sana.

Manyoni tulisimama tukanywa chai na chapati, hapo sina cha kusema. Kutoka Manyoni kuelekea Ikungi nchi inabadilika, yanaanza mawe, kwanza moja moja afu makundi, mengine yamepandiana kama mtu kayapanga, na hapo nilikuwa nimeweka vitu vya Paris. Paris walikuwa na mtindo wao. 1999 ilitoka Buddha-Bar ya kwanza, CD za mkusanyiko zenye jina la baa ya hapo Paris, kaipanga Claude Challe, yeye anachanganya sauti za Uarabuni, India, kila mahali, na mwaka huohuo ikatoka Hôtel Costes ya kwanza ya Stéphane Pompougnac, ya hotelini kabisa, laini, imenyooshwa pasi. Mimi kusema ukweli Buddha-Bar zile za baadae zilinichosha, zikawa nyingi mno, ikafika mahali unasikia filimbi na tabla unajua tu hawa wanataka kuuza. Mtu akiacha kufikiria saa na mahali akaanza kufikiria namba ya CD inayofata, mpangilio unakufa. Lakini za mwanzo ziko imara. Kwenye yale mawe ya Ikungi jua limeshainama, kivuli cha kila jiwe kirefu kuliko jiwe lenyewe, ule mlio wa udi, gitaa la Kiarabu, ulikaa vizuri mpaka nikapandisha sauti bila kuomba ruhusa.

Singida tumeingia saa kumi na mbili na dakika chache. Nikamwomba shem mafuta yasubiri, twende ziwani moja kwa moja.

Nieleze kwanini nyimbo nne tu. Mwaka jana nilikuja peke yangu kwa basi, na Café del Mar nzima kwenye simu, nikakaa pale ufukweni nikaanza wimbo wa kwanza jua likiwa limebakiza kidole kimoja kugusa maji. Nikafika wimbo wa nne ni giza, sioni hata viatu vyangu, na mziki ndo kwanza unanipeleka kwenye rangi ya chungwa! Kumbe kosa siyo la mziki. Ibiza iko mbali kaskazini, nyuzi kama 39, kiangazi jua lao linazama saa tatu usiku na linazama kwa kulala upande, kwahiyo rangi zinakaa kaa. Sisi Singida tuko nyuzi tano tu kutoka ikweta, jua linashuka wima kama ndoo inayoingia kisimani, ukipiga hesabu tangu ligusie mpaka usiku kabisa ni kama dakika 25 basi. Ule mpangilio ulikuwa wa kwao, wa jua lao. Nikasema mwakani nakuja na wa kwetu.

Tukapaki gari karibu na maji, milango wazi. Lile ziwa ni la chumvi, ukingoni kuna utando mweupe unavunjika ukikanyaga, na kwa ndani heroe walikuwepo, siyo wengi, wamesimama mguu mmoja. Nikaweka folda ya pili. Wimbo wa kwanza ni sauti tu, hauna ngoma, jua bado zima. Wa pili na wa tatu mdundo unaingia, jua likagusa, likakatika nusu, na tukio zima ni jepesi kuliko ninavyoliandika hapa. Likamalizika. Hapo ndo niliweka wa nne.

Wa nne ni Hukwe Zawose, Mgogo wa hapahapa kwetu, yule ambaye Nyerere alimwita Dar baada ya kumsikia, akafika mpaka kwenye lebo ya Real World ya Peter Gabriel, mwanamuziki wa Uingereza. 2002 alitoa albamu na Michael Brook, mpiga gitaa na prodyuza wa Kanada, inaitwa Assembly, na humo mashine na sauti za Kigogo zinakaa nyumba moja. Mwaka uliofata mzee akafariki. Sauti yake ilipotoka kwenye zile spika mbovu za IST, shem alikuwa anakwangua chumvi kwenye soli kwa kijiti, akaacha. Akaja akakaa kwenye kiti cha dereva, mguu mmoja nje.

"Huyu si Mgogo huyu?"

Nikamwambia ndiyo. Kwao shem ni Bahi, babu yake alikuwa na ilimba, akanieleza palepale lilivyokuwa, sanduku la mbao limekaa mapajani, vyuma vyembamba vingi vya kupigwa kwa dole gumba, na kwenye tundu wanabandika ule utando mweupe wa buibui wa kuhifadhia mayai ndo unaoleta ule mkwaruzo, bila huo utando babu alikuwa anasema ilimba limekufa. Alieleza hivo huku anachezesha madole gumba yake kwenye usukani. Wimbo ukaisha na mwanga ukabaki kidogo sana, kimstari tu juu ya maji. Hesabu ilikubali.

Mafuta tulipata kwa mtu anayefahamiana naye, madumu sita, tukayafunga kamba yasicheze, tukala kuku wa kienyeji, tukageuza saa tatu. Barabarani giza tupu. Nikachomeka flashi nianze ile folda kubwa, shem akasema subiri, umekosea. Nikamuuliza wapi. Akasema huyo mzee huwezi kumuweka mwisho, tena Singida, kwa Wanyaturu, mtu wa watu. Yeye anatakiwa akae Bahi, pale penye nyufa, tukipita kwetu ndo aimbe. Na wale wa Austria? Hao, akasema, wahamie mlimani nyuma ya lori, maana lori litakuwepo tu siku zote.

Nikatafuta peni kwenye dashibodi, nikageuza risiti ya mafuta ya alizeti nikawasha tochi ya simu. Bahi, nikaandika, Zawose. Shem akachungulia akasema hapana, usianze na Bahi, anzia Nala, pale mimi nilipokuuliza kama imeshaanza.